Glaifoseti: Maana ya Jina na Matumizi ya Dawa Shambani

Katika duka la kawaida la pembejeo, liwe Njombe, Mbeya au Kitale, rafu ya dawa za magugu hujaa chupa za rangi na majina ya kila namna, ilhali sehemu kubwa ya chupa hizo hubeba dawa ileile moja, ambayo jina lake la kitaalamu huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Jina hilo ni glaifoseti, na kwenye lebo huonekana kwa tahajia ya kimataifa: Glyphosate. Anayelifahamu hununua dawa akijua anachonunua. Asiyelifahamu huweza kulipia chupa mbili za majina tofauti akidhani amepata dawa mbili, au akapuliza kwenye mahindi yaliyokwisha ota dawa isiyobagua hindi na gugu. Karibu kila kanuni ya kuitumia, kuanzia maji ya kuchanganyia hadi saa ya kuingia shambani, hutokana na tabia ya kemikali inayotajwa na jina hilo, kwa hiyo istilahi na matumizi yake yanafaa kuelezwa pamoja.

Kiuatilifu ni jina la jumla la kemikali au kiumbe chochote kinachotumika kuua au kudhibiti visumbufu vya mimea, wawe wadudu, vimelea vya magonjwa, panya au magugu, na kiuagugu ni kiuatilifu kinacholenga magugu peke yake. Wakulima husema dawa ya majani, dawa ya kuulia nyasi au dawa ya magugu, na mazungumzo ya dukani huenda vizuri kwa maneno hayo, ila hayaelezi tofauti iliyo kubwa kuliko zote, yaani dawa husika huua nini na huacha nini. Kiuagugu chaguzi huua kundi fulani la mimea na kuliacha jingine, kama 2,4-D, ambayo kwa kipimo sahihi huua magugu yenye majani mapana na kuyaacha mahindi, ngano au nyasi. Kiuagugu kisicho chaguzi huua takriban kila mmea wa kijani kinaoufikia, na glaifoseti ni ya kundi hili la pili.

Majina matatu ya kitu kimoja

Kila kiuatilifu kina majina ya ngazi tatu. La kwanza ni la biashara, ambalo ni mali ya kampuni na hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine, na mara nyingine kutoka msimu mmoja hadi mwingine. La pili ni jina la kawaida la kitaalamu, linaloidhinishwa na Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, ili mtaalamu wa Nairobi na wa Tokyo wakilisoma wajue kwamba ni kitu kilekile. Glaifoseti ni jina la ngazi hii. La tatu ni jina la kikemia, linalotaja jinsi molekuli ilivyojengwa, nalo kwa dawa hii ni N-(fosfonomethili)glisini, maana yake glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, iliyoungwa na kikundi chenye fosforasi. Jina la kawaida limekatwa kutoka humo, silabi yake ya kwanza kwenye glisini na iliyobaki kwenye fosforasi. Lebo na karatasi za usalama wa kemikali aghalabu huongeza namba ya usajili wa kemikali, ambayo kwa glaifoseti yenyewe ni 1071-83-6, ingawa chumvi zake zina namba zake.

Wingi wa majina ya biashara una historia fupi. Mwaka 1970 mwanakemia John E. Franz wa kampuni ya Monsanto nchini Marekani aligundua kwamba kemikali hii huua mimea, na mwaka 1974 kampuni hiyo ikaiingiza sokoni kwa jina la Roundup. Hataza ya Marekani ilipokwisha mwaka 2000, viwanda vingi, hasa vya China, vilikuwa huru kuitengeneza na kuiuza, bei ikashuka, na kila mwagizaji akaibandika jina lake. Ndiyo sababu muuzaji anaposifu dawa mpya iliyoingia juzi, swali la kwanza la mnunuzi linapaswa kuwa kuhusu kiambato amilifu, yaani ile sehemu ya mchanganyiko inayofanya kazi ya kuua, kwa kuwa vilivyobaki chupani ni maji, rangi na vimiminiko vya kusaidia dawa kusambaa na kushika juu ya jani.

Uangalifu wa pekee unahitajika mahali majina yanapokaribiana. Glufosineti hufanana na glaifoseti kwa maandishi na kwa matamshi, na zote mbili hazichagui, lakini glufosineti haisafiri sana ndani ya mmea, huonyesha matokeo kwa siku chache na huachia magugu yenye mizizi ya kudumu nafasi ya kuchipua upya. Parakwati, ambayo wakulima wengi huikumbuka kwa kasi yake ya kukausha majani siku hiyohiyo, ni kiuagugu cha mguso, maana yake huunguza pale tu ilipogusa. Tena ni sumu kali kiasi kwamba funda moja la dawa isiyochanganywa huweza kuua mtu mzima, na hakuna dawa ya kuibatilisha mwilini. Atakayenunua chupa kwa kuitambua rangi ya kifuniko anaweza kubeba parakwati akidhani amebeba glaifoseti, na kosa hilo si dogo hata kidogo.

Namba zilizo mbele ya herufi

Baada ya jina, lebo hutaja kiasi, na hapa ndipo hata watu waliozoea dawa huteleza. Glaifoseti ni asidi isiyoyeyuka vizuri majini, kwa hiyo viwanda huigeuza kuwa chumvi ili iyeyuke, na kila aina ya chumvi ina uzito wake. Chumvi ya isopropilamini ndiyo iliyozoeleka zaidi, ikifuatiwa na za potasiamu na amonia. Uzito wa chumvi haulingani na uzito wa asidi iliyomo, na kinachoua gugu ni asidi. Ndiyo maana lebo nzuri hutoa namba mbili, moja ya chumvi na nyingine ya kilinganifu cha asidi, yaani kiasi cha asidi tupu kilichomo ndani ya chumvi hiyo, ambacho hufupishwa kwa herufi a.e. Chupa iliyoandikwa gramu 480 za chumvi ya isopropilamini kwa lita ina takriban gramu 360 za asidi kwa lita. Chupa ya chumvi ya potasiamu inayotaja gramu 540 za kilinganifu cha asidi ina nguvu mara moja na nusu ya ile ya kwanza, japo kwa macho ya mnunuzi 480 na 540 huonekana kama ndugu.

Mfano unasaidia. Tuseme lebo ya dawa yenye gramu 360 za asidi inaelekeza lita 3 kwa hekta. Kiasi halisi cha asidi kinachoshuka shambani ni gramu 1,080. Kwa dawa yenye gramu 540, kiasi hichohicho hupatikana kwa lita 2. Anayebadilisha chupa bila kubadilisha kipimo huongeza dozi kwa nusu nzima bila kujua, na anayebadilisha kinyume chake hupunguza dozi kwa theluthi, kisha hulalamika kwamba dawa ni feki. Feki zipo, hilo halina ubishi, lakini lawama nyingi zinazoangukia feki ni za hesabu. Vilevile ulinganishaji wa bei ufanywe kwa gramu za asidi, kwa sababu lita ya bei nafuu inaweza kuwa ndiyo ghali.

Herufi zinazofuata namba hueleza umbo la dawa. SL ni kimiminiko kinachoyeyuka majini, na glaifoseti nyingi ya madukani ni ya umbo hili. WG na SG ni chengachenga zinazochanganywa na maji, na kiasi chake hutajwa kwa gramu katika kilo. Mahali pengine pa lebo huwapo namba ya kundi la utendaji, ambayo kwa glaifoseti ni 9, au herufi G katika mfumo wa zamani. Namba hiyo inahusu usugu wa magugu, suala litakaloelezwa mbele.

Jinsi inavyoua, na kanuni zinazotokana na hapo

Glaifoseti haiunguzi. Hupenya kupitia majani na sehemu nyingine za kijani, huingia kwenye mirija inayosafirisha sukari kutoka majanini, na kusafiri pamoja na sukari hiyo hadi kwenye ncha za ukuaji, yaani vichipukizi, mizizi na viazi vya chini ya ardhi. Kiuagugu cha aina hii huitwa cha mfumo, kwa kuwa hutumia mfumo wa usafirishaji wa mmea wenyewe. Kikifika huko hukizuia kimeng'enya kimoja kinachoitwa EPSPS, ambacho mmea hukihitaji ili utengeneze asidi amino tatu: fenilalanini, tirosini na triptofani. Bila hizo mmea hauwezi kujenga protini, na ukuaji husimama kabla rangi haijabadilika. Binadamu na wanyama hawana kimeng'enya hicho, kwani asidi amino hizo huzipata kwenye chakula, na hii ndiyo sababu sumu yake ya papo kwa papo kwa binadamu ni ndogo ikilinganishwa na ya parakwati.

Kwa kuwa kifo huanzia kwenye ncha, gugu lililopuliziwa huonekana zima kwa siku kadhaa. Kwenye shina la kishonanguo, kwa mfano, majani machanga ya juu hugeuka manjano kwanza huku ya chini yakiwa bado kijani kibichi, kisha manjano hayo hushuka, yakawa kahawia, na mmea mzima hukauka ndani ya wiki moja hadi mbili. Magugu ya kudumu huchukua wiki mbili hadi tatu, na siku za baridi na mawingu huongeza muda. Mkulima anayerudi shambani siku ya tatu, akaona kijani kimesimama, akapiga dawa mara ya pili, hutupa fedha. Anayeingiza jembe au trekta siku hiyohiyo huharibu zaidi, kwa kuwa hukata njia ambayo dawa ilikuwa ikishukia mizizini. Magugu ya msimu yaachwe walau siku moja hadi tatu kabla ya kuguswa, na ya kudumu kama ndago na sangari yaachwe wiki nzima.

Kutokana na safari hiyo ya dawa hutokea kanuni ya wakati. Magugu ya msimu, yale yanayoota, kuzaa na kufa ndani ya msimu mmoja, hupuliziwa yakiwa machanga, kabla ya kutoa maua. Yale ya kudumu hutaka subira, kwa sababu mwanzoni mwa mvua sukari hupanda kutoka mizizini kwenda kujenga majani, na ni baadaye tu, yanapokaribia kutoa maua, ndipo sukari nyingi huanza kushuka kwenda kuhifadhiwa chini. Dawa iliyopulizwa wakati huo hushuka nayo. Ndago hata hivyo ni mkaidi. Mnyororo wake wa viazi vidogo una macho yaliyolala ambayo hayapokei sukari, hivyo hayapokei dawa, na kundi jipya huchipua hata pale la juu lilipokauka kabisa. Anayeahidiwa kumaliza ndago kwa pigo moja anadanganywa; hesabu ya kweli ni kurudia kila majani mapya yanapokuwa ya kutosha, msimu baada ya msimu. Gugu lililonyauka kwa ukame, au lililofunikwa na vumbi la barabarani, nalo halifai kupuliziwa, kwa kuwa mirija yake imelegea na vumbi lenyewe huikamata dawa kabla haijapenya.

Jambo la vumbi linaelekeza kwenye tabia nyingine kubwa ya kemikali hii. Glaifoseti hushikamana kwa nguvu na chembe za udongo, hasa mfinyanzi, na ikishashikamana haiui tena. Kwa upande mmoja tabia hii ni faida, kwa sababu dawa iliyodondokea udongo haizuii mbegu iliyopandwa kuota, na ndiyo iliyoifanya ipendwe katika kilimo hifadhi, ambapo shamba halilimwi bali magugu huuawa kabla ya kupanda na mabaki yake huachwa yafunike ardhi. Kwa upande mwingine, dawa haina akiba: mbegu za magugu zilizomo udongoni zitaota kana kwamba hakuna kilichopita, na anayetaka kuzizuia anahitaji kiuagugu cha aina tofauti, kinachopulizwa udongoni kabla magugu hayajaota. Udongoni glaifoseti huvunjwavunjwa na vijidudu, kazi ambayo huchukua wiki chache hadi miezi kadhaa kulingana na udongo na hali ya hewa.

Maji ya kuchanganyia yanaangukia kanuni hiyohiyo. Maji ya dimbwi au ya mto uliochafuka kwa mvua, hata yakionekana yanafaa kwa kumwagilia, yamebeba mfinyanzi unaoikamata dawa ndani ya bomba, kabla haijaona jani hata moja. Maji magumu, yenye chokaa na magnesi nyingi, huiharibu kwa njia nyingine, kwa kuwa madini hayo huungana na glaifoseti na kuunda chumvi ambazo jani hupata tabu kuzipokea. Visima vingi vya ukanda wa mawe ya matumbawe wa pwani vina maji ya namna hii, na kipimo chake hakihitaji maabara: maji ambayo sabuni haitoi povu kwa urahisi ni magumu. Maji ya mvua yaliyovunwa ndiyo bora. Yasipopatikana, mbolea ya salfeti ya amonia, maarufu kwa ufupisho wa SA, huyeyushwa kwanza ndani ya maji pale lebo inaporuhusu, kisha dawa hufuata. Mfuatano huo una maana, kwa kuwa mbolea inapaswa kuyawahi madini kabla dawa haijaingia.

Mvua ikinyesha mapema huosha kilichokuwa bado juu ya jani. Kwa michanganyiko ya kawaida zinahitajika takriban saa 6 bila mvua, na baadhi ya michanganyiko yenye visaidizi bora huhitaji muda mfupi zaidi, ambao lebo itautaja. Wakati wa masika, ambapo mvua nyingi huja alasiri, asubuhi baada ya umande kukauka ndiyo saa salama, mradi upepo umetulia.

Kulipima bomba na mtu wake

Lebo hutaja lita kwa hekta, ilhali mkulima ana bomba la mgongoni la lita 16 au 20 na shamba linalohesabiwa kwa ekari. Daraja kati ya viwili hivyo ni upimaji wa bomba, kazi ya nusu saa ambayo wengi huiruka na kukimbilia kifuniko cha chupa au kopo la nyanya. Hupimwa mraba wa mita 10 kwa 10, bomba hujazwa maji matupu hadi alama inayojulikana, na mtu yuleyule atakayepiga dawa hupuliza mraba huo kwa mwendo wake wa kawaida na kwa nozeli ileile. Kisha maji hurudishwa hadi kwenye alama kwa chombo chenye vipimo, ili ijulikane kiasi kilichotumika. Kiasi hicho kikizidishwa mara 100 hupatikana lita za maji kwa hekta, na kikizidishwa mara 40 hupatikana, kwa ukaribu wa kutosha, lita kwa ekari.

Ikiwa mraba ulitumia lita 2, basi hekta itatumia lita 200 na ekari lita 80, ambazo ni mabomba 4 ya lita 20. Kipimo cha lita 3 za dawa kwa hekta ni lita 1.2 kwa ekari, na zikigawanywa kwa mabomba 4 kila bomba hupata mililita 300. Mwingine mwenye mwendo wa haraka akatumia lita 1.5 kwenye mraba uleule, ekari yake itamaliza mabomba 3 na kila moja litahitaji mililita 400. Watu wawili, bomba moja, dawa moja, na vipimo viwili vyote sahihi: ndiyo maana jibu la muuzaji la vifuniko vitatu kwa bomba, hata akilitoa kwa nia njema, haliwezi kuwa sahihi kwa wote. Kipimo chenyewe hutegemea gugu. Kwa dawa ya gramu 360, magugu ya msimu machanga kwa kawaida huelekezwa lita 2 hadi 3 kwa hekta, na ya kudumu lita 4 hadi 6, lakini lebo ya bidhaa husika ndiyo yenye neno la mwisho.

Wakati wa kuchanganya, bomba hujazwa maji hadi nusu, dawa humiminwa, kisha maji huongezwa taratibu ili povu lisifurike. Mabati na vyombo vya chuma visivyopakwa havifai kuhifadhia mchanganyiko, kwa kuwa asidi hii humenyuka na zinki na chuma na kutoa gesi ya haidrojeni, inayoweza kulipuka; plastiki na chuma kisichoshika kutu havina shida. Nozeli inayotoa matone makubwa, kwa mgandamizo mdogo, ndiyo inayofaa, kwani ukungu mwembamba huchukuliwa na upepo hadi kwenye nyanya za jirani.

Mazao yaliyo karibu

Kuna mimea iliyobadilishwa vinasaba ili ivumilie glaifoseti, kama soya iliyoanza kulimwa Marekani mwaka 1996, na picha za mashamba hayo zinazozunguka mitandaoni zimewafanya baadhi ya watu waamini kwamba dawa hii inaweza kupigwa juu ya mahindi. Mbegu za kawaida za mahindi, ziwe za asili au chotara, hazina uvumilivu huo. Kwa mkulima wa kawaida wa Afrika Mashariki, glaifoseti ni dawa ya kabla ya kupanda, ya kabla zao halijatokeza juu ya ardhi, au ya katikati ya mistari kwa kutumia kinga inayofunika nozeli ili tone lisiruke.

Kwenye kahawa, chai na miti ya matunda hutumika chini ya mimea iliyokomaa yenye gome la kahawia, ambalo halipitishi dawa kwa urahisi. Shina changa la kijani hupitisha kama jani. Migomba inataka tahadhari zaidi. Chipukizi na mama yake ni mmea mmoja uliounganishwa chini ya ardhi, kwa hiyo dawa iliyogusa majani ya chipukizi huweza kusafiri hadi kwenye mgomba wenye mkungu, na dalili zikaonekana wakati mkulima amekwisha kusahau alichofanya. Shamba la mbegu nalo lisikaushwe kwa glaifoseti kabla ya kuvuna, kwa kuwa dawa husafiri hadi kwenye punje na kudhoofisha uotaji wake.

Kwa upande wa magugu yenyewe, hatari iliyopo ni usugu. Usugu ni hali ya gugu kustahimili kipimo ambacho zamani kiliua aina yake, na hutokea kwa uteuzi: katika mamilioni ya mimea, michache huzaliwa na uwezo wa kustahimili, dawa huua wenzao, na hao waliobaki hujaza shamba kwa mbegu zao. Kisa cha kwanza kilichothibitishwa kwa glaifoseti kilikuwa cha nyasi ya rai nchini Australia mwaka 1996, na tangu hapo aina kadhaa za magugu zimefuata katika mabara mbalimbali. Namba ya kundi iliyotajwa awali hupata kazi hapa, kwa sababu kubadilisha chupa ya kundi 9 kwa chupa nyingine ya kundi 9 si kubadilisha dawa. Kinachosaidia ni kupokezanisha makundi, kung'oa kwa mkono mashina yaliyobaki hai kabla hayajazaa, na kutopunguza kipimo kwa kubana matumizi, kwani kipimo pungufu huacha hai magugu yaliyo nusu sugu. Gugu karoti, ambalo limeenea Arusha na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, hutoa mbegu nyingi sana kwa mmea mmoja, na likinusurika huweza kujaa tena ndani ya msimu mmoja.

Mwili wa mpuliziaji

Mjadala kuhusu afya haujatulia, na msomaji anastahili kuujua ulivyo. Machi 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka glaifoseti katika kundi 2A, yaani vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya na Mamlaka ya Ulinzi wa Mazingira ya Marekani zilifikia hitimisho tofauti, kwamba haielekei kusababisha saratani ikitumiwa inavyoelekezwa, na mwishoni mwa mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliongeza kibali chake kwa miaka 10, huku ukikataza kuitumia kukausha mazao kabla ya mavuno. Kampuni ya Bayer, iliyoinunua Monsanto mwaka 2018, imekabiliwa na maelfu ya kesi Marekani na mwaka 2020 ilitangaza kutenga zaidi ya dola bilioni 10 kuzimaliza. Sehemu ya tofauti hii inatokana na maswali yenyewe: IARC huuliza kama kitu kina uwezo wa kudhuru, na mamlaka za usajili huuliza kama kitadhuru kwa kiasi ambacho watu hukutana nacho. Jibu la swali la pili hutegemea glavu, buti na miwani kuliko inavyodhaniwa, na mpuliziaji wa kibarua anayeingia shambani na kandambili, bomba likivuja mgongoni, hakuwa katika mawazo ya waliokadiria matumizi yanavyoelekezwa.

Rangi ya ukanda ulio chini ya lebo huonyesha daraja la sumu: nyekundu ni kali zaidi, ikifuatiwa na njano, buluu na kijani. Glaifoseti kwa kawaida hubeba buluu au kijani, na rangi hizo zisichukuliwe kama ruhusa, kwani dawa isiyochanganywa huumiza macho, na visaidizi vilivyomo katika baadhi ya michanganyiko hudhuru samaki, hivyo bomba lisioshwe mtoni. Dawa ikiingia jichoni, jicho huoshwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Ikimezwa, mgonjwa asilazimishwe kutapika bali awahishwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili daktari asome kiambato. Kwa sababu hiyohiyo, tabia ya baadhi ya maduka ya kugawa dawa na kuitia kwenye chupa za maji ya kunywa haivumiliki: chupa hiyo haina jina, haina namba, na mtoto mwenye kiu haoni tofauti. Nchini Tanzania bidhaa halali husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na nchini Kenya na bodi ijulikanayo kwa ufupisho wa PCPB. Namba ya usajili inapaswa kuonekana kwenye lebo iliyo nzima, juu ya chupa ambayo lakiri yake haijavunjwa.

Chupa iliyokwisha husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakirudishwa ndani ya bomba yakatumike shambani, kisha hutobolewa ili isirudi jikoni. Bomba nalo, kama uwezo unaruhusu, liwe la magugu peke yake na litiwe alama ya rangi. Likiwa ni lilelile linalopulizia nyanya dawa ya ukungu, lisuuzwe mara tatu kwa maji safi, na kila mara maji yapitishwe kwenye mpira hadi nozelini, chujio na nozeli vikifunguliwa na kusuguliwa pembeni, maana dawa iliyobaki kwenye mpira peke yake inatosha kudhuru mistari ya kwanza ya nyanya.